Mgeni Apewe Jina Langu

Alhamisi, 13 Machi

Mjukuu! Wa kiume! Kazaliwa alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake. Kwasi mwanangu alikuja mbio kuniambia, kandambili moja mguuni, nyingine sijui kaiacha wapi. Nikamkumbatia. Papo hapo nikauliza: jina je? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza bei ya jeneza harusini. Akasema, "Baba, mtoto hata hajakauka!" Vijana wa leo hawana mipango.

Jina la kwanza halina mjadala. Kazaliwa Alhamisi, basi ni Yaw, kama mwanamume yeyote wa Alhamisi hapa mjini kwetu Efidwase na nchi nzima ya Ashanti. La pili ndilo lenye vita. Litatolewa Alhamisi ijayo alfajiri, siku yake ya nane. Kabla ya hapo hana jina, anaitwa Mgeni tu, maana hatujui kama amekuja kukaa au anapita.

Akosua, mke wa Kwasi, amekwisha kupokea wageni wawili kabla ya huyu. Wote wawili waliondoka kabla ya siku ya nane. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Huyu ana sauti ya mpiga debe. Atakaa.

Sasa jambo lenyewe. Mimi ni Kwabena Sumina, fundi cherehani mstaafu (ni macho, si uvivu). Sumina maana yake ni jalala. Ndiyo, jalala la taka! Mama yangu alizika watoto watatu mfululizo. Nilipozaliwa mimi, wakanipeleka jalalani, wakanilaza juu ya maganda ya ndizi, akapita mama mmoja muuza uji akaniokota, na jina likawa hilo. Kifo kikija kinione sina thamani, kipite. Kikapita kweli. Nina miaka sitini na minane. Ila wenye kucheka hawakupita! Tangu darasa la kwanza, mwalimu akifika kwenye jina langu, darasa zima linaziba pua.

Nina wajukuu wanne kwa ndugu zake Kwasi na hakuna hata mmoja aliye wajina wangu. Hata mmoja! Halafu kuna Mwalimu Boakye, baba yake Akosua, mkuu wa shule mstaafu. Huyo ana wajina kila kona. Wanafunzi wake wakizaa tu, Boakye. Ukiita Boakye sokoni, nusu ya soko inageuka. Ukiita Sumina nageuka mimi peke yangu.

Safari hii hapana. Mgeni ataitwa Sumina. Nina wiki nzima na akili zangu timamu. Boakye ajiandae.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka na mpango. Ubaya hauko kwenye jina, uko kwenye asili yake. Jina likiwa na asili mbaya, litafutiwe nyingine. Kazi ya fundi ni nini kama si kugeuza nguo iliyochakaa upande wa pili?

Nikiwa bado kwenye uji nikaipata. Hapo kale palikuwa na shujaa. Maadui wakaja kwa maelfu. Yeye peke yake akapigana nao kutwa, na jua lilipozama wote walikuwa wamelala chini, mmoja juu ya mwenzake, rundo refu kuliko nyumba. Rundo lile ndilo likaitwa Sumina. Rundo la maadui! Taka zinatoka wapi hapo?

Nikaenda kwa Tawia wa kituo cha matangazo, yule mwenye nguzo ya spika nne pale sokoni, anayetangaza misiba, mbuzi waliopotea na dawa ya minyoo. Akasitasita. Akauliza chanzo cha habari. Nikamwambia chanzo ni mimi. Akasitasita tena. Nikamkumbusha ni nani aliyeipanua suruali yake ya harusi huku bibi harusi amekwisha kufika kanisani. Akawasha mashine.

Mchana, baada ya msiba na kabla ya minyoo, mji mzima ukasikia historia ya jina langu. Tawia akaitilia na ngoma za kivita chinichini. Nililia. Mke wangu Pokuaa alikuwa anatwanga mihogo ya fufu uani. Mchi ukasimama hewani. Akauliza kwa sauti, majirani wasikie, kama maadui wenyewe ndio yale maganda ya ndizi. Nabii hana heshima kwao.

Jioni mtoto wa jirani kanipigia saluti. Saluti! Siku moja tu ya kazi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kazi ilikuwa kulieneza. Jina bila watu ni nguo bila mwili. Jumamosi hapa kwetu ni siku ya misiba, mji wote umevaa nyeusi na nyekundu, wote wamekaa chini ya maturubai hawana pa kwenda. Nikachagua msiba mkubwa kuliko yote. Marehemu nilikuwa simjui vizuri, lakini wasikilizaji walikuwa wengi.

Mafanikio hadi saa kumi: Manu mchinjaji amempa beberu wake jina la Sumina, kwa kuwa beberu huyo naye hupigana. Vijana wa mpira wa mtaa wa juu wamekubali kujiita Sumina. Wamefungwa mabao saba leo hii hii, lakini walivaa jina.

Kisha akaja Boakye katika nguo yake nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akanipa mkono. Akasema, kwa sauti ile ya mstarini, kwamba kafundisha historia miaka thelathini na ya kwangu ilimpita. Nikamwambia yamempita mengi. Wazee wakaangua kicheko! Bahati mbaya na yeye akacheka, ikapungua utamu. Halafu akaongeza kwa upole kwamba mjukuu wetu apewe jina litakalomsaidia maishani. Najua anamaanisha la nani. Sura ya mtakatifu, moyo wa mkusanya majina.

Jumapili, 16 Machi

Ushindi mkubwa!

Baada ya kanisa aliingia uani kwangu Nana Afra mwenyewe. Nana ni dada wa bibi yake Akosua, mama mkuu wa ukoo wao. Kumpa mtoto jina ni haki ya baba, lakini Kwasi ameshasema hatatamka jina ambalo Nana amelikataa. Kwa hiyo Nana ndiye lango. Na lango limekuja lenyewe hadi kwangu, na fimbo yake!

Akakaa, akapewa maji. Akasema polepole kwamba yeye siku zote alijua Sumina maana yake ni jalala. Ni kweli au si kweli? Nikaona hapa ndipo pa kukaza. Nikasema si kweli, Nana, huo ni uzushi. Nikamsimulia shujaa mwanzo hadi mwisho. Nilishika mwiko kama upanga. Nikalala chini kuonyesha maadui walivyolala.

Akauliza, hakuna taka humo hata kidogo? Nikaapa: hata ganda moja, Nana. Akauliza, na ile habari ya kuwekwa jalalani na kuokotwa na muuza uji? Hapo nilisita kidogo, maana mama yangu ndiye aliyenisimulia. Lakini vita ni vita. Nikasema ni maneno ya wenye wivu.

Nana akashusha pumzi ndefu sana. Akasema basi mama yangu alikuwa na makuu kuliko alivyomjua. Akainuka bila kumaliza maji, akaondoka kichwa chini. Nilimwacha hoi kwa heshima!

Pokuaa akauliza, "Baba Kwasi, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Akarudi jikoni anatikisa kichwa. Mwanamke huyu hajui kushangilia.

Jumatatu, 17 Machi

Maskini mimi. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Kwasi alikuja asubuhi, akakaa kwenye kiti cha cherehani, kichwa chini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Nana nimekwisha kumweka sawa. Akainua kichwa. "Baba, umefanya nini?"

Yakatoka yote. Kumbe tangu mimba ingali changa, Akosua alishasema: safari hii mtoto apewe jina baya. Baya kuliko yote, Kifo kikilisikia kizibe pua kipite. Na alilitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Alitaka la baba mkwe. Alitaka Sumina! Alisema hilo limeshajaribiwa, likafaa, mzee yupo mpaka leo anasumbua watu. Nana alikuja jana kuhakikisha tu. Alikuja kuniomba! Na mimi nikamlaza chini na maadui elfu.

Sasa Nana kasema jina la shujaa ni kumvisha mtoto dhahabu na kumwacha njia panda. Kifo kitamtamani. Tena limetangazwa kwenye spika nne, na Kifo nacho kina masikio.

Nikamuuliza Kwasi Akosua yu hali gani. Akasema halali. Anakaa na kiganja juu ya kifua cha Mgeni kuona kama kinapanda na kushuka. Akilala kidogo anashtuka, anarudisha kiganja. Na aliyemnyima usingizi ni nani? Mimi! Nilijisikia vibaya, vibaya sana. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuku, na kuku hatuna.

Niliporudi Kwasi akanimalizia. Boakye amekwenda kwa Nana jana jioni, Boakye mwenye jina safi! Amemwambia kwamba yeye alipozaliwa hakuitwa Boakye. Aliitwa Yempew, yaani Hatukutaki. Na yeye ndugu zake waliomtangulia walikufa. Amelificha jina hilo tangu shule, na sasa yuko tayari mjukuu alichukue. Nana kasema atasikiliza Jumatano.

Hatukutaki! Mtu ana Boakye mji mzima, bado anataka na uchafu, uchafu ambao ni fungu langu mimi!

Hapana. Aliyejenga ndiye ajuaye pa kubomoa. Kesho nabomoa.

Jumanne, 18 Machi

Kwa Tawia asubuhi. Nikamwambia atangaze kwamba shujaa hakuwapo, maadui hawakuwapo, Sumina ni jalala na mimi ni taka. Akaniangalia kwa huruma. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Mwishoni akakubali, na hivi ndivyo alivyotangaza, kwa ngoma zilezile: "Mzee wetu Kwabena Sumina, kwa unyenyekevu wake mkubwa, anasema yeye ni taka tu!"

Huo unyenyekevu kautoa wapi? Sikumwagiza! Soko likapiga makofi. Wauza nyanya wakasema mnaona, mashujaa wa kweli hawajisifu. Manu nikamwambia ambadilishe beberu jina. Akakataa, anasema tangu alipoitwa Sumina anakula vizuri. Vijana wa mpira nao wakashinda, bao moja bila, wakapita na jina langu wanaliimba mpaka kwa Boakye na kurudi.

Kwa vile maneno yalishindwa, nikasema acha macho yao yaone. Nikaenda jalalani nyuma ya soko, nikakaa juu yake. Kaptula ya zamani, kichwa wazi, miguu ndani ya maganda ya mihogo. Nikasubiri kudharauliwa.

Akatokea Maame Birago muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka. Akaniona. Akakimbia! Nikafurahi. Akarudi na kiti. Mwingine akaleta mwavuli. Wazee wawili wakaja kunipa mkono, wakauliza kama hapa ndipo babu yangu alipopigana. Nikawaambia hapa ni jalalani! Wakaitikia kwa heshima kwamba wanaelewa, machungu ya historia ni mazito. Tawia naye akaleta kipaza sauti chake.

Hadi jioni nilikuwa maarufu kuliko nilivyopata kuwa tangu nizaliwe. Kwenye daftari langu siwezi kudanganya: kuna sehemu ya moyo ilifurahi. Sehemu kubwa.

Lakini Mgeni bado hana jina. Na Akosua bado hajalala.

Jumatano, 19 Machi

NIMESHINDA. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Tulikutana asubuhi uani kwa Nana Afra. Nana kwenye kigoda chake, wazee wa ukoo pembeni, majirani wamejaa ukutani, Kwasi amesimama. Akosua alikaa kwenye mkeka, macho mekundu, Mgeni kifuani. Sote tulijua tumekuja kufanya nini: kuona kati ya babu hawa wawili ni nani mwenye jina bovu zaidi.

Boakye alitangulia. Alisimama wima kama yuko mbele ya shule. Akasema mama yake alizika wanne. Akasema alipozaliwa yeye, baba yake hakumtazama kwa mwaka mzima, makusudi, ili Kifo kisishuku. Wakimwita kula walikuwa wanasema, "Hatukutaki, njoo." Alipopelekwa shule akajipa jina la mjomba, hili jina mnalolijua, na lile akalizika. Hata mkewe halijui. Mkewe alikuwepo pale, mdomo wazi. Sauti ya Boakye ikakatika. Nilidhani ni mbinu za ualimu, lakini yalikuwa machozi hasa.

Mambo yakawa mabaya kwangu.

Nikasimama. Nikasema nilidanganya. Nikasema Sumina ni jalala, tangu zamani, taka tupu. Mzee mmoja akanipigapiga goti, akasema, "Ah, mnyenyekevu huyu." Nilitaka kumng'ata! Nikaona hapa sina shahidi ila mmoja. Nikamwita Pokuaa.

Pokuaa akafunga kitambaa chake vizuri. Akaja mbele kama mtu aliyeisubiri siku hii tangu siku ya ndoa. Akasema kama wanatafuta taka basi wasihangaike, yeye analala nayo. Akaanza. Kwamba nilishona majoho ya kwaya nzima nikasahau matundu ya shingo, na mchungaji amesimama anasubiri. Nikaitikia, "Kweli kabisa!" Kwamba nilifuga nguruwe ili nitajirike, wakavunja banda wakaingia kanisani kwenye ubatizo. "Ongeza, mama!" Kwamba nililia kutwa nzima kwenye msiba, nikagaagaa, nikasindikiza jeneza, halafu ikajulikana si msiba niliotumwa. Watu wakaanza kucheka. Kisha wakaanza kuchangia! Maame Birago akakumbushia ile dawa yangu ya kuotesha nywele. Manu akataja suruali aliyoletewa ina mguu mmoja mfupi. Hata Kwasi, damu yangu, akasema nilimshonea sare ya shule kwa pazia. Mimi nasimama pale kati, nashukuru kila mmoja kwa kupunga mkono. Sijapata kusifiwa hivyo.

Nana hakucheka. Alikuwa anamtazama Pokuaa. Akauliza, na mama yake je? Huyu anasema hakuwekwa jalalani.

Pokuaa akasema alimkuta mama mkwe yu hai, alikaa naye miaka mingi. Akasema nina kovu chini ya kisigino, ni chupa iliyovunjika mle jalalani siku ile. Na akasema mtu akimsifu Kwabena mbele ya mama yake, yule mama alikuwa anatema mate pembeni anasema, "Hilo? Hilo takataka." Halafu akiingia ndani, kipande kikubwa cha samaki anamwekea yeye. Kila siku. Hata akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mpaka anakufa hakuwahi kumwita mzuri, alikuwa bado anaogopa.

Sikujua kama Pokuaa aliona hayo. Samaki nilikuwa namkumbuka. Kumbe na yeye.

Nana akainama, akanivua kandambili kwa fimbo yake. Akatazama kisigino. Akatikisa kichwa kukubali.

Hapo nikapigilia msumari wa mwisho. Nikasema, wazee, mtu mkimkataa ninyi, mwingine anaweza kumtaka. Kifo kitasema, hamumtaki? Haya, nipeni mimi. Lakini ni nani mlishamwona anakwenda kuomba apewe jalala? Uani wakaguna kwa kukubali. Wote wakamgeukia Boakye. Akafikiri. Akajipangusa macho kwa nguo yake. Akasema, "Hapo Kwabena kanishinda." Akamwambia Nana mtoto aitwe Sumina, yeye anachotaka ni mtoto akae.

Kanishinda! Kwa mdomo wake! Mbele ya mkewe!

Nana akatoa hukumu. Jina wanalichukua, tabia watamwombea kwa mtu mwingine. Na sharti moja kwangu: kuanzia leo nisilipambe jina hilo tena. Akiuliza mtu, jibu ni jalala, basi. Nikaapa mbele ya wazee wote wa Efidwase, mkono juu.

Alhamisi, 20 Machi

Alfajiri. Umande, moshi wa majiko ya kwanza. Kwasi alimbeba Mgeni mpaka jalalani, akamlaza juu ya jani la mgomba penye majivu makavu (nilikagua mwenyewe, hakuna chupa). Tukarudi nyuma tukageuza migongo. Maame Birago akapita na karai lake la kenkey kichwani kana kwamba anaenda zake. Akasimama. Akaguta kwamba ameokota kitu hapa, ni cha nani? Akosua akajibu, "Si changu mimi. Ni takataka. Lakini nitunzie tu, mama, nikupitie baadaye." Sauti ilimtetemeka katikati, ila alimaliza. Maame Birago akamchukua, akamleta nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Kisha uani. Mzee wa ukoo akachovya kidole kwenye maji, akamgusisha mtoto ulimini: ukisema maji, yawe maji. Akachovya kwenye pombe kali: ukisema pombe, iwe pombe. Mtoto akakunja uso wote. Watu wakacheka. Kisha lile jina, la Alhamisi kwanza, halafu langu, mara tatu: Yaw Sumina.

Siku zote za maisha yangu nimelisikia likiitwa kwa kicheko. Leo liliitwa mara tatu na hakuna aliyecheka. Boakye alikuwa wa kwanza kuitikia.

Akosua alimpokea mtoto, akatema mate pembeni kidogo, akamwambia, "Wewe takataka." Kisha akalala. Palepale mkekani, katikati ya watu wanaokula na kunywa, kiganja chake wazi juu ya mkeka. Nana akatukataza kumwamsha. Tulikula kwa kunong'ona. Mimi nilikaa karibu na mtoto kwa zamu yangu, nikatazama kifua. Kinapanda. Kinashuka. Kitu kizuri sana. (Taka, nilitaka kuandika taka.)

Jumamosi, 22 Machi

Yaw Sumina ananyonya kama anakomoa. Akosua amenona uso kwa usingizi wa siku mbili. Mji una Sumina wawili sasa, watatu ukihesabu beberu. Nilichokitaka nimekipata. Mtu mwenye busara angetulia.

Lakini jana alikuja shangazi yake Akosua kutoka jiji la Kumasi, amevaa lesi na marashi ya kuchoma macho. Akambeba mtoto, akauliza jina. Akaambiwa. "Jalala? Mtoto wa watu jalala?" Akacheka mpaka wigi ikahama. Nana akafurahi, anasema ndivyo inavyotakiwa. Akosua akafurahi. Boakye akafurahi. Nyumba nzima ina furaha kwamba jina la mjukuu wangu linachekwa! Mimi peke yangu nilikuwa nawaka ndani kwa ndani. Nikaondoka bila kuaga.

Usiku mzima nimefikiri. Kiapo changu nilikula mbele ya wazee wa Efidwase. Kumasi si Efidwase. Na Kifo kinachoijua nyumba yetu ni cha hapahapa, hakiwezi kuwa kinasikiliza redio za Kumasi, kina kazi zake. Tawia ana binamu kwenye redio moja kule, inasikika mpaka ng'ambo ya misitu. Historia nimeshaiandika upya. Rundo la maadui lilikuwa dogo. Sasa ni rundo la dhahabu, la mfalme, na aliyelilinda alikuwa babu wa babu yangu.

Pokuaa kaniona napiga pasi shati. Akauliza nakwenda wapi. Nikasema Kumasi, mara moja tu. Akaweka mchi chini, akaniuliza kama yote yale ya wiki hii hayakunifundisha kitu.

Nikamwambia yamenifundisha, tena sana. Nilikosea jambo moja tu: spika nne hazitoshi.